Msafiri Muislamu na Usiku wa Taa Chiang Mai

Vijana wetu wanaotembelea Thailand hupenda kufika Chiang Mai wakati wa Yi Peng na Loi Krathong, mwezi ukiwa mpevu, mara nyingi Novemba. Husimulia taa za karatasi zinazopaa angani, na vikapu vidogo vya majani ya mgomba, vyenye maua, mshumaa na udi, vikielea mto Ping.

Kutazama ni jambo moja. Kukiachia kikapu mtoni "kwa ajili ya picha tu" ni jingine. Wenyeji wengi humshukuru kwa kikapu hicho mungu wa maji na kumwomba radhi. Kwao ni ibada. Wewe unaifanyaje mchezo? Hapo umeikosea dini yako, na yao pia.

Karibu na soko la usiku upo msikiti wa Ban Ho, wa Waislamu wenye asili ya Yunnan, China, ambao wazee wao walikuja na misafara ya nyumbu. Sali Ijumaa pale, kisha ule khao soi, tambi za mchuzi wa nazi (tena halali, alhamdulillah!). Waulize wanaishi vipi na jirani zao Wabudha usiku huo wa taa. Wana zaidi ya miaka mia moja ya kulijibu swali hilo.