Mlango Ukitaka Rangi, Tuanze na Vumbi

Miongoni mwa kazi ndogo ambazo wananchi wengi huzifanya nyumbani kwa mikono yao wenyewe ni kupaka upya rangi mlango wa chumba. Aghalabu kazi hiyo hufanyika siku za kuelekea Idi au Krismasi. Mtu huenda Kariakoo, hununua kopo la rangi ya mafuta, brashi, tapentaini na karatasi mbili tatu za msasa, kisha hurudi nyumbani na kuanza kukwangua. Wasiwasi wake wote umo katika kopo: je, rangi itang'aa? Maoni yangu ni kwamba jambo kubwa zaidi limo katika rangi kuukuu inayokwanguliwa, na kwamba shule zetu zina wajibu wa kulifundisha.

Kwa miaka mingi viwanda vya dunia vilitia madini ya risasi katika rangi za mafuta, ama ili zikauke upesi, ama ili kupata manjano, nyekundu na kijani zenye kukoza. Madhara yake si habari mpya. Mwaka 1904 daktari Gibson wa Brisbane, Australia, aliandika kwamba rangi ya nyumbani ndiyo iliyowadhuru watoto aliowatibu. Marekani ilipiga marufuku rangi za namna hiyo majumbani mwaka 1978. Hapa kwetu, shirika la AGENDA lenye makao yake Dar es Salaam lilitoa taarifa mwaka 2017 iliyoonyesha kwamba baadhi ya rangi za mafuta zilizouzwa nchini zilikuwa na risasi kupita sehemu 90 katika milioni, kiwango kinachopendekezwa kimataifa. Kwa hiyo mlango uliopakwa zamani hatuna budi kuushuku mpaka upimwe.

Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba hakuna kiasi cha risasi katika damu kinachojulikana kuwa salama, na kwamba mwili wa mtoto mdogo hufyonza risasi iliyomezwa mara nne hadi tano kuliko wa mtu mzima. Risasi hudhuru ubongo unaokua, na dawa haiwezi kurudisha kilichopotea.

Mlango, tofauti na ukuta, husuguana na fremu yake kila ufunguliwapo na kufungwa, na hivyo hutoa vumbi hata kabla ya kuguswa na msasa. Tufikirie sasa nyumba ya Kiswahili ya Kariakoo au Ilala: vyumba vimepangwa pande mbili za ukumbi mmoja, na kila chumba kina familia yake. Anayekwangua mlango wake hukwangua katika njia ya wote, mahali ambapo watoto hutambaa na kucheza. Basi rangi ya mlango ni ya mwenye chumba, lakini vumbi lake ni la nyumba nzima.

Njia iliyo salama haihitaji fedha nyingi. Kwanza, watoto na mama wajawazito wakae mbali, na karatasi za nailoni zitandikwe sakafuni. Pili, rangi iliyoshika imara isiondolewe mpaka ubao uonekane. Yatosha kuiparuza kidogo ili rangi mpya ipate pa kushika. Tatu, mlango uloweshwe kwa maji ya sabuni na usuguliwe kwa msasa wa maji, kamwe usisuguliwe mkavu, wala rangi isiunguzwe kwa moto, kwani mvuke wake ni sumu. Nne, sakafu ipanguswe kwa kitambaa kibichi badala ya kufagiliwa. Tano, pale mlango unapokwama, bawaba zirekebishwe, la sivyo msuguano utaanza upya.

Wako watakaosema kwamba maji huharibu ubao. Ni kweli, ubao ukilowa sana hufura. Lakini unyevu wa kitambaa hukauka kwa siku moja au mbili. Subira hiyo inafaa vilevile wakati wa kupaka. Rangi ya mafuta hukauka kwa mafuta yake kuungana na oksijeni ya hewa, na kwa hiyo tabaka nene hukauka juu likabaki bichi chini, kisha likajikunja. Tabaka mbili nyembamba ni bora kuliko moja nene.

Mwanafunzi wa sekondari hukariri alama ya Pb na maana ya oksidisho, lakini ni nadra kuonyeshwa kwamba yote mawili yamo mlangoni kwao. Ninawasihi walimu wa kemia na biolojia walifanye somo hili kuwa la vitendo, na wanafunzi walipeleke nyumbani kabla ya sikukuu ijayo. Msasa ni ule ule na mkono ni ule ule. Kinachoongezwa ni ndoo ya maji na maarifa ya kujua sababu yake.