Ua la Noeli linalochanua mwezi wa sita



Mwezi wa kwanza mwaka huu, mama mmoja wa kundi letu hapa Lubumbashi alikuja kwenye mkutano wa likelemba akiwa amebeba chungu cha ua chini ya kitenge chake. Ndani yake mlikuwa na ule mmea ambao wengi wetu tunauita kaktusi ya Noeli. Hauna miiba ya kuchoma, na una vipande bapa vya kijani vilivyoshikana kimoja baada ya kingine na kuning'inia pembeni mwa chungu. Akauliza: «Nani anautaka? Mimi nimeshindwa.»

Mmea ule ulikuwa wa marehemu mama yake, aliyeutunza kwa miaka mingi. Alipofariki, binti aliupokea akauweka mahali pa heshima, saloni, mezani, karibu na picha ya marehemu. Noeli ya kwanza ikapita bila ua. Ya pili vilevile, na ya tatu vilevile. Jirani akaanza kusema kwamba mama ameondoka na baraka yake. Maneno kama hayo yakimwingia mtu mwenye msiba, hayatoki haraka.

Hatukuuchukua mmea. Tulimwuliza maswali tu. Marehemu alikuwa akiuweka wapi? «Nje, kwenye barza, chini ya paa.» Ulikuwa ukichanua lini? Hapo akasita. Aliolewa mbali, na alipokuwa mtoto hakuangalia kalenda. Lakini anayo picha. Juma lililofuata akaileta: mama yake ameshika chungu kilichojaa maua mekundu, nyuma yake majani makavu, na mtoto aliye kando yake amevaa sweta na kofia ya sufu. Wamama wote wakacheka. Nani hapa Lubumbashi humvalisha mtoto sufu siku ya Noeli? Picha ile ilipigwa wakati wa baridi, mwezi wa sita au wa saba. Mmea ulikuwa haujakosea hata mara moja. Sisi ndio tuliokuwa tukiusubiri kwenye mwezi usio wake.

Tuelezane basi sababu. Mmea huu, ambao wataalamu huuita Schlumbergera, asili yake ni milima ya pwani ya Brazili, upande wa Rio de Janeiro. Kule hauoti jangwani. Huota juu ya matawi ya miti na kwenye nyufa za miamba, penye kivuli na ukungu. Hutengeneza machipukizi ya maua usiku unapokuwa mrefu na hewa inapopoa. Ulaya hali hiyo huja mwezi wa kumi na wa kumi na moja, kwa hiyo maua yanafika karibu na Noeli, na ndipo jina lilipotoka. Lakini Brazili iko kusini mwa ikweta kama sisi, na baridi yake huja katikati ya mwaka. Wenyewe wanaliita flor-de-maio, maana yake ua la mwezi wa tano.

Hapa Lubumbashi, mwezi wa sita usiku una saa 12 na nusu hivi, na baridi tunaijua wenyewe. Mwezi wa kumi na mbili usiku una saa 11 na robo tu. Tena kabla yake umepita mwezi wa kumi wenye joto kali, na mmea huu haupangi maua katika joto la namna hiyo. Kumdai ua siku ya Noeli ni kama kudai mahindi mabichi katikati ya kiangazi. Dada zetu wa Bukavu na Goma wako karibu zaidi na ikweta, na usiku wao haubadiliki sana mwaka mzima. Kwao kinachosaidia zaidi ni usiku wa baridi wa milimani, pamoja na giza la kutosha.

Na hapo kuna jambo la pili: taa. Mama yetu alikuwa ameuweka mmea mezani ambapo watoto husoma hadi usiku. Kwa mmea, mwanga wa taa ni mchana ulioongezwa. Hata wakati wa baridi ulipofika, wenyewe haukujua kwamba usiku umekuwa mrefu. Umeme ukikatika sisi tunanung'unika, lakini kaktusi inashukuru.

Basi ukitaka maua, fanya hivi. Kuanzia mwisho wa mwezi wa nne, weka chungu mahali penye mwanga mzuri mchana lakini pasipowashwa taa usiku: barza iliyofunikwa, au dirisha la chumba kisichotumika jioni. Kama huna mahali hapo, kifunike kwa katoni jua linapotua, uifunue asubuhi, ili kipate saa 13 hivi za giza. Endelea kwa majuma sita au zaidi, mpaka uone machipukizi madogo kwenye ncha za vipande. Wakati huo punguza maji kidogo, ila usiuache ukauke kabisa. Machipukizi yakitokea, usihamishe chungu wala kukigeuzageuza, na usiuache udongo ukauke. Mmea ukishtuka, huangusha machipukizi yote, na kazi yako inapotea.

Siku nyingine za mwaka hauna masharti mengi. Jua la asubuhi linaufaa, lakini jua kali la mchana linageuza vipande vyake kuwa vyekundu na kuvichosha. Kuhusu maji, ingiza kidole kwenye udongo. Kama juu pamekauka, mwagilia vizuri hadi maji yatoke chini, kisha mwaga yaliyobaki sahanini. Wengi hawaui kaktusi hii kwa kiu, wanaiua kwa maji mengi. Mizizi ikioza, vipande hulegea na kunyauka kana kwamba mmea una kiu, na mama akiona hivyo anaongeza maji tena.

Udongo mwekundu wa kichuguu unafaa kwa matofali, si kwa mmea huu, kwa sababu unashikamana na kuzuia hewa. Kumbuka kwamba kwao unakaa mitini. Changanya udongo mweusi wa majani yaliyooza, mchanga mkubwa wa mto, na vipande vidogo vya makala vilivyobaki chini ya gunia. Pepeta kwanza vumbi la makala, wala usitie majivu. Chungu kiwe na tundu chini. Kopo kuukuu linatosha ukilitoboa, na lisiwe kubwa mno, kwa maana mmea huu hauchukii kubanwa kidogo.

Tuongeze neno moja kwa wenye watoto wadogo. Kaktusi ya Noeli haihesabiwi kuwa mmea wa sumu. Lakini usiichanganye na ile mimea ya uzio inayofanana na kaktusi, ambayo ukiivunja inatoa utomvu mweupe kama maziwa. Hiyo si kaktusi. Utomvu wake unaunguza ngozi na unaweza kuumiza macho vibaya sana. Ukiona maziwa, mtoe mtoto mbali. Yakimwingia machoni, yaoshe kwa maji safi mengi na umpeleke kituo cha afya bila kuchelewa.

Kama kuna anayedhani kwamba kaktusi ni mgeni mtupu kwetu, ajue hili pia. Karibu kaktusi zote za dunia asili yake ni Amerika. Moja tu huota yenyewe Afrika, nayo inapatikana hata katika misitu ya Kongo: Rhipsalis baccifera. Inaning'inia kwenye miti kama nyuzi za kijani, ina matunda madogo meupe, na ndege ndio wanaoeneza mbegu zake. Ni ndugu wa karibu wa ua letu.

Turudi kwa mama yetu. Mwezi wa tatu aliutoa mmea saloni, akaurudisha kwenye barza, kama marehemu alivyokuwa akifanya. Mwezi wa tano alitutumia habari kwamba kuna vitu vidogo vyekundu kwenye ncha. Tulimwambia asiguse. Siku chache kabla ya tarehe 30 mwezi wa sita, tulipokwenda kumwamkia, tulikuta maua 11 yamefunguka. Alikuwa ameketi pembeni yake, picha ya mama yake magotini. Hakusema mengi, nasi hatukumwuliza.

Sasa maua yamekwisha, na mmea unapumzika. Ameahidi kwamba mwezi wa tisa, joto likirudi, kila kundi litapata kipande. Kukiotesha ni rahisi: zungusha kwa mkono hadi vitoke vipande viwili au vitatu vilivyoungana, viache kivulini siku moja au mbili ili kidonda kikauke, kisha vichomeke kwenye udongo wenye mchanga mwingi, unyevu kidogo tu. Baada ya majuma matatu au manne vitakuwa vimeanza kushika mizizi. Mmea huu unaweza kuishi miaka mingi sana, hata mama akamwachia binti, na binti akamwachia wake.

Kwa hiyo, mama, kama una kaktusi nyumbani ambayo haijawahi kukupa ua, usiitupe na usimsikilize jirani. Iondoe kwenye taa, uisubiri baridi.

Makundi yanayotaka vipande yaandike jina la kundi kwenye daftari la katibu kabla ya mwisho wa mwezi wa nane. Mje na makopo yenu, yakiwa yametobolewa.

Tuonane juma lijalo, Mungu akipenda.