Ekzema na Nguo za Mtu Mzima

Ndugu mfanyakazi, na wewe mama unayefua nguo zake, mara hii sitawaandikia juu ya kofia ya chuma wala juu ya vumbi la mawe. Nataka kusema juu ya ngozi inayowasha, na juu ya shati. Mtauliza shati lina kazi gani katika ukurasa wa usalama na afya. Lina kazi kubwa, na mimi nimejifunza hivyo kwa mwili wangu mwenyewe.

Ekzema wengine huiita ukurutu, wengine pumu ya ngozi. Jina la mwisho si baya, kwa sababu mara nyingi ugonjwa huu na pumu ya kifua hutembea katika ukoo mmoja. Unapenda mikunjo: ndani ya viwiko, nyuma ya magoti, shingoni, kwenye vifundo vya mikono. Kwa mtoto mchanga huanzia mashavuni. Katika vitabu vyetu vya shule picha zote zilikuwa za ngozi nyeupe, na tuliambiwa tutafute wekundu. Kwenye ngozi yetu wekundu huo hauonekani vizuri. Utaona ngozi imekuwa nyeusi zaidi au ya kijivu, imekauka, ina vipele vidogo, na kwa kukunwa sana inakuwa nene kama ngozi ya kiatu. Ikipoa huacha madoa, meusi au meupe, yanayoweza kukaa miezi. Doa hilo si ugonjwa tena. Shikeni neno hilo, nitalirudia.

Haiambukizi. Mtoto mwenye ekzema alale na ndugu zake, ale nao sahani moja. Lakini ikiwa nyumba nzima inajikuna, zaidi usiku, na vipele viko katikati ya vidole, huenda huo ni upele, nao una dawa yake nyingine, ambayo nyumba yote hupaka siku moja. Njooni zahanatini tuangalie kabla ya kununua kitu chochote.

Sasa habari yangu. Mimi nimekuwa na ekzema tangu utoto. Nilipokuwa mwanafunzi wenzangu hawakutaka kukaa benchi moja nami, basi nikajifunza kuficha mikono. Niliificha kwa nguo za michezo za nailoni, mikono mirefu, zipu hadi kooni, katika joto hili la Uvira mnalolijua. Miaka ikapita, nikapata kazi, nikapita miaka thelathini, na bado nilikuwa navaa kama kijana anayekwenda uwanjani. Mwaka 2019 tulikwenda kwa wakwe hapa Songo kupeleka mahari. Nilivaa suruali nzuri, lakini juu nilivaa nailoni yangu. Mzee mmoja wa upande wa mke alinitazama, akaniambia kwa upole: «Kijana, weka kreti za soda pale, kisha umwite bwana harusi aingie.» Watu walicheka. Nami nilicheka, lakini jasho lilinitoka, na chini ya ile nailoni mikono ikawaka moto.

Jioni ile shangazi yangu alifungua sanduku la marehemu baba mdogo, akatoa abakosti yake moja ya kaki, ya mikono mifupi. Wenye umri wanakumbuka. Abakosti ililetwa na utawala wa Mobutu mwanzoni mwa miaka ya 1970, na jina lake linatokana na maneno ya Kifaransa yanayosema «chini suti». Tai ilikatazwa, na wamama nao walikatazwa suruali, wavae kikwembe. Tangu Aprili 1990 kila mtu yuko huru kuvaa tai akitaka, na sisemi hata kidogo turudi kwenye amri ya serikali juu ya nguo. Nasema tu kwamba ile koti ya baba mdogo ilikuwa ya pamba tupu, laini kwa kufuliwa miaka mingi, pana kwapani, haina kola ngumu ya kusugua shingo. Niliivaa siku tatu mfululizo. Siku ya tatu niliona nimelala usiku mzima bila kujikuna hadi damu. Sikuwa nimebadilisha dawa. Nilikuwa nimebadilisha nguo tu.

Haikuwa uchawi. Nailoni na poliesta hazinywi jasho. Jasho linabaki juu ya ngozi, joto linapanda, na joto na jasho ndivyo viamshavyo mwasho. Sufu nayo inachoma kwa nyuzi zake. Pamba hunywa jasho na kuruhusu hewa. Wazee wetu waliijua pamba: ililimwa hapa katika bonde la Ruzizi, na kule Kalemie kulikuwa na kiwanda cha Filtisaf cha kufuma nguo, ziwa hili hili. Siku hizi sokoni vikwembe vingi vinavyong'aa vimeandikwa jina zuri lakini ni poliesta. Mama, usidanganywe na maandishi ya pembeni. Omba uzi mmoja wa ukingoni, uuchome kwa kibiriti mbali na watoto. Pamba huungua kama karatasi, hunuka karatasi, na hubaki majivu yanayosagika. Poliesta hujikunja, huyeyuka, na hubaki kijiwe cheusi kigumu. Muuzaji atanung'unika. Mwache anung'unike. Na kikwembe kipya, hata cha pamba, kifue mara mbili kabla ya kukivaa, kwa sababu kina wanga na rangi ya kiwandani.

Hapo ndipo pana ubishi wangu na wagonjwa wengi. Wanadhani mwenye ngozi mbaya aache mambo ya mavazi, ajifunike tu na chochote. Mimi naona kinyume. Nguo inayofaa ekzema ni ile ile inayomfaa mtu mzima: libaya pana la pamba na kikwembe kwa mama, shati la kitenge lisilobana au koti jepesi kwa baba, mshono ulio safi ndani, lebo ya shingoni imekatwa. Mtu akivaa hivyo anaheshimika, na ngozi inapumua. Mimi sifichi tena mikono. Anayeuliza, namweleza.

Lakini iko hatari moja kubwa kuliko nailoni, nayo ni tyubu ya sokoni. Nimeahidi kurudi kwenye doa. Mtu anaona doa jeusi ambalo ekzema imeliacha, anakwenda kununua ile krimu ya kujichubua, na ajabu, kwa juma la kwanza mwasho unakwisha na ngozi inang'aa! Anamsifu muuzaji. Hajui kwamba nyingi za krimu hizo zina klobetasoli, moja ya dawa kali kabisa za jamii ya kotizoni. Zingine zina hidrokinoni, zingine hata zebaki, ambayo huharibu figo. Klobetasoli ikipakwa miezi na miezi huifanya ngozi kuwa nyembamba kama karatasi ya sigara, huchora mistari isiyofutika, na siku ukiiacha ekzema inarudi na hasira mara mbili. Nasema haya bila kuhukumu. Mimi mwenyewe, nikiwa bado shuleni kusomea kazi hii, nilipaka tyubu ya namna hiyo karibu mwaka mmoja. Mistari iko ndani ya mkono wangu wa kushoto. Mkija zahanatini nitawaonyesha. Na kwa mtoto mchanga, mama yangu, usithubutu.

Kotizoni yenyewe si adui ikitoka mkononi mwa anayejua. Tuna hidrokotizoni ya 1%, isiyo kali, na nyingine kali kidogo kwa ngozi iliyokuwa nene. Unakamua mstari kutoka ncha ya kidole cha shahada hadi kiungo chake cha kwanza. Huo unatosha sehemu iliyo kubwa kama viganja viwili vya mtu mzima pamoja na vidole vyake. Unapaka pale palipochachamaa tu, kwa siku ulizoambiwa, kisha unapumzika.

Kinachopakwa kila siku, hata siku ngozi ni nzuri, ni mafuta. Vazelini ya kawaida isiyo na manukato inatosha, na ni rahisi kuliko losheni za chupa nzuri. Wengi hupaka kidogo mno. Mtu mzima mwenye ekzema mwili mzima aweza kumaliza gramu 250 au zaidi kwa juma moja. Chota kwa kijiko safi, usitie vidole koponi. Oga kwa muda mfupi, maji yawe ya vuguvugu, usijisugue kwa wavu wala jiwe, na upake mafuta mara moja ngozi ikiwa bado na unyevu. Maji ya Tanganyika yanaelekea upande wa magadi, pH yake karibu 9, hali ngozi nzima hukaa karibu na 5. Sikatazi mtu kuoga ziwani, maana najua siku ambazo bomba halitoi kitu. Lakini ukitoka, jimwagie ndoo moja ya maji mengine ikiwa unayo, upake mafuta palepale.

Nguo za mgonjwa zisuuzwe mara tatu, maana poda ya kufulia inayobaki katika nyuzi huwasha kuliko uchafu. Javel msitie. Nguo za mgodini zilowekwe katika beseni lake, peke yake, mbali na nguo za watoto.

Kwa ndugu walio kazini: acheni kunawa mikono kwa esansi au mazuti. Najua grisi haitoki upesi kwa sabuni, lakini esansi inatoa grisi pamoja na mafuta ya ngozi yako. Saruji mbichi ikiingia ndani ya glavu ni afadhali kuivua na kunawa kuliko kumaliza saa zote za kazi nayo. Na hapa nina ombi kwa wakubwa wa stoo. Nguo zetu za kazi ni nzuri na imara, lakini zimechanganywa na poliesta, na anayezivaa juu ya ngozi tupu anapikwa. Fulana mbili za pamba kwa kila mfanyakazi mwenye ekzema zingekuwa na gharama ndogo kuliko siku za ruhusa ninazosaini kila mwezi. Nimekwisha kusema hivyo kwa mdomo. Sasa nasema kwa maandishi.

Msingoje ikiwa ngozi inatoa usaha au magamba ya manjano, ikiwa kuna homa, au vidonda vidogo vya mviringo vinatokea ghafla na kuuma sana. Hivyo ni vya kupelekwa kwa munganga siku ile ile, hata usiku.

Na wale walioniuliza juu ya koti la baba mdogo: vipimo vyake nimewaachia mafundi wawili hapa Songo. Mwambieni fundi aache kwapa pana, na mshono wa ndani aufunike. Kitambaa mpeleke wenyewe, mkiwa mmekwisha kuchoma uzi.