Blue Line inakuja Silicon Oasis, lakini mwanao atajifunzia wapi umeme?

Ujenzi wa Blue Line ya Metro umefanya familia nyingi zianze kuutazama upya upande huu wa Dubai. Ni kilomita 30 na stesheni 14, kwa gharama ya dirham bilioni 20.5. Njia hiyo itapita International City na Dubai Silicon Oasis hadi Academic City, na imepangwa kufunguliwa tarehe 9 Septemba 2029. Wanaohamia huku huuliza kwanza kodi, halafu shule. Swali la tatu, ambalo mimi naulizwa zaidi na wenye vijana waliomaliza sekondari, ni hili: "Kijana anataka ufundi umeme. Huko kwenu hakuna pa kumpeleka akajifunze?"

Jibu langu ni kwamba pa kujifunza papo, lakini mlango wake si ule tuliouzoea. Nyumbani, iwe Mombasa, Unguja au Dar, unamjua fundi, unampelekea kijana, basi. Anaanza kwa kushika ngazi na kuchimba ukuta, baada ya mwaka anafunga swichi peke yake. Ndio uanagenzi wa mtaani, na mafundi wetu wengi wamepitia humo.

Hapa njia hiyo imefungwa na sheria. Mabadiliko ya sheria ya kazi ya mwaka 2024 yameweka faini ya dirham 100,000 hadi milioni 1 kwa mwajiri anayemfanyisha mtu kazi bila kibali. Kwa hiyo ukimwomba fundi Mswahili mwenzetu akae na kijana "ajifunze tu", akakukatalia, usidhani ana roho mbaya. Kampuni yake inaweza kufilisika kwa sababu ya kijana mmoja aliyeshika bisibisi.

Jina la mahali nalo linapoteza watu. Mtu akisikia Silicon Oasis anafikiria viwanda vya vifaa vya umeme vinavyotafuta vijana. Hili ni eneo huru la kampuni za teknolojia, ambalo tangu 2021 limo chini ya mamlaka moja na eneo huru la uwanja wa ndege na Dubai CommerCity. Limejaa ofisi na majengo ya kukaa watu. Chuo cha RIT Dubai kipo hapa na kinafundisha uhandisi wa umeme, lakini hiyo ni shahada, na ada yake ni ya shahada. Kazi ya fundi hapa imo ndani ya majengo yenyewe: bodi za umeme, pampu za maji, viyoyozi, king'ora cha moto, kamera za ulinzi. Kazi hizo hufanywa na kampuni za matengenezo, na nyingi zinaweza kuwa na leseni ya nje ya eneo huru. Jambo hili si dogo. Kampuni iliyosajiliwa ndani ya eneo huru hupitisha vibali kwa mamlaka ya eneo, na ya nje hupitisha Wizara ya Rasilimali Watu, MOHRE. Muulize mwajiri leseni yake ni ya wapi kabla hujaanza kukusanya karatasi.

Kuna milango miwili inayopotezea wazazi muda. Wa kwanza ni chuo cha DEWA, kilichoanzishwa 2013. Ni mafunzo mazuri ya umeme na maji, lakini yamewekwa kwa ajili ya vijana raia wa Imarati. Wa pili ni wa hatari: ajenti anayekuuzia "viza ya mafunzo". Sheria ya kazi iliyoanza kutumika Februari 2022 inamkataza mwajiri kumtoza mfanyakazi gharama za kumwajiri, moja kwa moja au kwa kuzunguka. Akiombwa pesa ili apate nafasi, hapo hakuna nafasi. Na kijana akiletwa kwa viza ya matembezi ili "ajaribu kwanza site", hana kibali cha kushika kazi hata siku moja.

Sasa tuje kwenye jambo ambalo naona familia zetu hazijalitumia. Zamani mtoto wa kiume akifika miaka 18 na hasomi, baba alikuwa hawezi kuendelea kumdhamini. Wengi wakarudishwa nyumbani haraka haraka, au wakasukumwa kwenye kazi yoyote iliyotoa viza. Tangu Oktoba 2022 mzazi anaweza kumdhamini mwanawe mpaka miaka 25, mradi hajaoa. Hiyo ni miaka saba, na fundi umeme anaweza kupatikana ndani yake. Lakini wengi wanaitumia kumngojea kijana "apate kitu", huku yeye yuko chumbani na simu.

Miaka hiyo naipanga hivi. Kwanza, kijana apate cheti. Akisoma hapa, hakikisha taasisi ina idhini ya KHDA. Mwanafunzi mkazi wa kuanzia miaka 15 anaweza kuombewa kibali cha mafunzo na kazi cha MOHRE, ila anayeomba ni kampuni, si mzazi. Akiwa chini ya miaka 18 sheria inakataza kazi za hatari, kwa hiyo usitarajie apewe bodi yenye moto.

Ada za hapa zikiwa nzito, arudi nyumbani kwa kipindi. Tanzania Bara kuna VETA na ngazi zake tatu za cheti cha ufundi. Zanzibar kuna Mamlaka ya Mafunzo ya Amali. Kenya kuna mitihani ya NITA, kuanzia daraja la tatu kupanda hadi la kwanza, ambayo hata aliyejifunzia mtaani anaweza kuifanya. Vyeti hivyo vithibitishwe na wizara ya mambo ya nje ya kwetu, ubalozi wa Imarati, halafu wizara ya mambo ya nje ya hapa. Na asikae nje zaidi ya siku 180 mfululizo bila kuuliza, maana ukaazi wake unaweza kufutika. Likizo moja ya kuja Dubai katikati ya kozi ni nafuu kuliko kuanza viza upya.

Pili, akiwa na cheti aingie kama saidia fundi akiwa bado chini ya udhamini wa baba. Tangu 2019 hata wanaume walio chini ya udhamini wa familia wanaweza kupewa kibali cha kazi. Kampuni inaomba kibali tu, haigharimii viza ya ukaazi. Hiyo ndiyo karata ya kijana wetu mbele ya kijana anayetolewa nje ya nchi, na aitaje mwanzo kabisa wa usaili: "Viza ninayo, nahitaji kibali." Akija na Kiingereza, Kiarabu kidogo na leseni ya gari, fomani atamsikiliza.

Lawama nyingine naiweka kwa serikali zetu. Zinapozungumza na Ghuba kuhusu ajira, mazungumzo huwa ni ya wanaopelekwa kutoka nyumbani. Watoto waliokulia hapa, wenye lugha na ukaazi tayari, nadra kusikia wakitajwa. Kama NITA na VETA zingeleta mitihani yao hapa mara moja kwa mwaka kupitia balozi, kijana asingelazimika kupanda ndege kwenda kuthibitisha anachokijua.

Hilo likisubiriwa, mzazi anayehamia huku aulize jambo moja kabla ya kusaini mkataba wa nyumba: mwanangu ana miaka mingapi, na imebaki mingapi kufika 25? Aliye na 18 leo, treni ikianza atakuwa bado hajaifikia. Stesheni 14 zitahitaji mafundi wa matengenezo kila siku, na majengo yanayozizunguka pia. Watakaochukuliwa ni wale ambao karatasi zao ziko tayari.