Msituambie «disipline»: pesa ya nyumba haiko mtaji wa mchezo

Vijana wenzetu wa Goma, Bukavu, Bunia, Lubumbashi na kwingineko,

Tumechoka na hawa wanaojiita makochi wa pari. Wanafungua kundi la WhatsApp, wanauza kuponi, na kijana akipoteza franga ya kodi wanamjibu: «Hauna disipline. Haujue kupanga mtaji wako.» Kosa linakuwa la kijana, na kesho kuponi ingine inauzwa.

Haya maneno ya mtaji na kichwa baridi yako na maana kwa wacheza poka ya mtandaoni. Kule unacheza na watu wengine. Kampuni inakata komisheni kwenye pesa ya mezani, lakini mwenye kujua kuliko wenzake anaweza kutoka na faida, tena baada ya muda mrefu sana. Katikati ya huo muda karata zinaweza kumpiga wiki nzima hata kama anacheza vizuri. Mtaji ni wa kumvusha hizo wiki. Kwa meza ya chini kabisa, ya senti 1 na 2, mtu anakaa na dola 2, na kanuni iliyozoeleka ni kuwa na mara 20 au 30 ya hiyo, yaani dola 40 mpaka 60. Hasira ikipanda, anafunga simu, hafukuzi pesa iliyokwisha kwenda. Na juu ya yote: hata dola 60 ikiisha yote, nyumbani watu wanakula kama jana.

Sasa tuulizane. Nani kati yetu iko na dola 60 ya hivyo? Kwetu dola 60 ni masomo ya mtoto, ni kodi, ni biashara ya mama ya kuuza makala. Kuiita mtaji wa mchezo ni kuibatiza jina tu.

Tena pari haiko poka. Tufanye hesabu. Chukua jambo la nusu kwa nusu, kama kurusha sarafu. Unaweka franga 1000. Ukipata, wanakurudishia 1900, si 2000. Ukicheza hivyo mara nyingi, kila 1000 inakurudia kama 950. Hiyo 50 ilienda kabla mpira haujaguswa. Sasa panga kuponi ya mechi kumi za namna hiyo, ile yenye makochi wanapenda. Nafasi yako ni 1 kati ya 1024, lakini wanalipa kama mara 613. Kila 1000 inarudi kama 600 hivi! Kuponi yenye kuahidi sana ndiyo yenye kukula sana. Ukigawanya pesa vipande vidogo, hesabu ni ile ile, unapoteza polepole. Ile ndege ya kwenye simu nayo vilevile, kampuni imejiwekea fungu lake ndani ya programu.

Kuna watakaosema: «Sisi mpira tunaujua.» Sawa, labda mmoja kati yetu anaujua kuliko kampuni. Lakini huyo kocha, kama kuponi zake zinapata kweli, juu ya nini anakuuzia kwa dola moja?

Kwa hiyo tusikubali kijana aliyepoteza aitwe mjinga asiye na disipline. Alicheza mchezo uliopangwa apoteze, na watu wengine wakamuuzia matumaini juu yake.

Tunadai kila tiketi ionyeshe fungu la kampuni kwa tarakimu kubwa. Tunadai leta isimamie, mtoto chini ya miaka 18 asikaribie dirisha la pari. Leo anapita na sare ya masomo na hakuna anayemuuliza kitu.

Na makochi, watuonyeshe historia yao ya mobile money, miezi sita, yenye kuingia na yenye kutoka. Yote, siyo picha ya tiketi moja iliyopata. Tunangoja.