Mwanafunzi wa nje, swali la kwetu

Mwaka 1952 homa kali yenye maumivu ya viungo ilizuka Newala, Tanganyika, ikawaacha wagonjwa wameshindwa kunyooka. Sampuli za damu zilipelekwa Entebbe, Uganda, ambako R. W. Ross alikitenga kirusi mwaka 1953. Maelezo ya Marion Robinson na W. H. R. Lumsden kuhusu mlipuko huo yakachapishwa Uingereza mwaka 1955. Leo dunia nzima inaujua ugonjwa huo kwa jina lililotoka Kimakonde: chikungunya. Tanganyika yenyewe haikuwa na chuo kikuu hadi Oktoba 1961.

Sasa vyuo tunavyo. Je, vitenge fedha za kuwasomesha watafiti wa nje?

Wanaopinga wana hoja nzito. Mzazi wa Newala anayengoja malipo ya korosho alizouza kupitia chama cha ushirika TANECU, huku mwanawe amekosa mkopo wa elimu ya juu wa HESLB, ana haki ya kuuliza kwa nini kodi yake imsomeshe mgeni. Kumjibu kwa hotuba za udugu wa Afrika ni kumdharau.

Jibu lipo shambani. Pita Masasi mikorosho inapotoa maua: mpuliziaji kajifunga kitambaa puani, mashine mgongoni, na vumbi la njano la salfa limetanda matawini kupambana na ubwiriunga. Ugonjwa huohuo unawasumbua wakulima wa Msumbiji, ng'ambo ya Ruvuma. Mwanafunzi wa uzamivu kutoka Nampula akisimamiwa na Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine (SUA) pamoja na taasisi ya utafiti wa kilimo, TARI Naliendele, atakuja na takwimu ambazo mtafiti wetu hazipati kirahisi. Huyo si mgeni wa kulishwa bure. Ni mfanyakazi wa maabara na shamba, tena wa gharama nafuu.

Nasi tumefaidi vyuo vya wenzetu. Rais wa zamani Benjamin Mkapa, mzaliwa wa Lupaso, Masasi, alisoma Makerere, kisha Columbia kule New York.

Kituo cha SACIDS pale SUA tayari kinafundisha watafiti wa magonjwa kutoka nchi jirani, lakini kwa kutegemea sana fedha za wafadhili, zikiwemo zilizowahi kutolewa na Benki ya Dunia. Hapo ndipo penye kasoro: anayelipa ndiye anayechagua swali. Chuo kisichotia hata shilingi yake kitabaki kutafiti yanayowahangaisha wengine.

Kwa hiyo vyuo vyetu viwagharimie watafiti wa nje, ila wachache, wa uzamili na uzamivu tu, na fungu lao lisiguse mikopo ya shahada ya kwanza. Kila mmoja afanye kazi sambamba na mwanafunzi Mtanzania, takwimu zibaki nchini, na matokeo yasomwe kwa Kiswahili mbele ya wakulima waliotoa mashamba yao. Asiyekubali masharti hayo atafute mfadhili mwingine.