Hesabuni vitabu kwanza, halafu mtuambie nani aliviiba

Ndugu wasikilizaji, wazazi wenzangu, na ninyi wahami mnaotufuata kwenye simu za watu: kuna maneno yanayozunguka hapa Goma na wilayani Nyiragongo. «Vitabu vya shule viliisha kwa sababu ya wahami. Walivipikia.» Yanasemwa kwenye makutano ya wazazi, watoto wanayarudilia barabarani, na katika shule moja ambayo sitaitaja jina yamekwisha kugeuka pesa: kila mzazi alete mchango wa kurudisha maktaba. Mimi nauliza jambo moja tu. Nani alihesabu?

Kwamba wahami walilala madarasani, hakuna anayekataa. Mwishoni mwa 2022 watu wa Rutshuru walijaa Kanyaruchinya, na Februari 2024 watu wa Sake wakamiminika mjini. Mama alifika na watoto, mvua ikinyesha, chini ni mawe ya volkano, makala hana, kuni hana, ana unga kidogo wa kupewa. Kama kuna karatasi iliyowasha moto wake, sitasimama hapa kusema haikutokea. Hata madawati yalichomwa mahali pengine. Lakini «vingine» si «vyote», na mtu ambaye hakujua alikuwa na vitabu vingapi hawezi kujua amepoteza vingapi. Anajua tu kwamba kabati ni tupu, na anatafuta mtu asiye na mlango wa kujitetea.

Shule hiyo inayolaumu, niliomba kuona daftari la maktaba. Liko. Mstari wa mwisho uliandikwa miaka kabla mhami wa kwanza hajaweka mkeka wake pale. Baada ya mstari ule vitabu viliendelea kuingia, vya serikali na vya misaada, bila namba, bila muhuri, bila tarehe. Daftari la kuazima halikuwepo kabisa. Mwalimu alichukua kitabu kuandaa somo, akahamishwa, akaondoka nacho. Mtoto wa darasa la sita alimaliza, kitabu kikabaki nyumbani. Na nani kati yetu hajawahi kukuta kitabu chenye muhuri wa shule kinauzwa chini, kando ya barabara? Kile nacho kilibebwa na mama wa Rutshuru aliyekimbia na godoro kichwani? Kabati lililofunguliwa kwa ufunguo lina mwenye ufunguo.

Tusisahau pia sisi wenyewe. Usiku wa tarehe 22 Mei 2021 Nyiragongo ililipuka, na tarehe 27 tukaambiwa tutoke mjini. Maelfu yetu tulikwenda Sake kwa miguu, tukalala makanisani na mashuleni. Ni watu wa Goma waliopikia kwenye viwanja vya shule za wenyeji wa Sake. Kuna mtu kati yetu aliyeletewa fakture ya vitabu vya Sake?

Sasa kuhusu kuhesabu kwenyewe, kile watu wa shule wanaita invantere. Wanasema ni kazi ngumu, inataka pesa na mtaalamu. Si kweli. Inataka daftari, kalamu, watu wawili na subira. Mmoja anatoa kitabu kwenye kabati, anasoma namba na jina. Wa pili anakitafuta kwenye daftari na kuandika: kipo kizima, kipo kimeharibika, kimeazimwa na fulani, hakionekani. Kisicho na namba kinapewa namba siku hiyo hiyo na kupigwa muhuri. Kila kitabu kinaandikwa mstari wake. Usiandike «vitabu vya hesabu, katoni moja», maana katoni haina mdomo wa kusema ilikuwa na vingapi. Na msifagie kwanza! Nimesikia kwamba mahali pengine waliosha vyumba na kutupa yote yaliyochanika, halafu ndipo wakaanza kulia hasara. Kitabu kilichochanika ni ushahidi. Kiandikwe kabla ya kutupwa.

Watu hao wasiwe mkubwa wa shule na mdogo wake. Awepo mwalimu mmoja, mtu wa kamati ya wazazi, na mhami mmoja kati ya wale waliolala pale, kama bado anapatikana karibu. Huyo wa tatu ndiye wengi hawatamtaka, kwa sababu ndiye anayejua siku walipofika kabati lilikuwa na nini.

Nafasi moja zaidi iwekwe kwenye daftari: lugha. Sheria ya elimu ya 2014 inaruhusu lugha za taifa kufundishia, na Kiswahili ni moja ya zile nne zilizo kwenye katiba. Tuhesabu basi ni vitabu vingapi ambavyo mtoto wa darasa la kwanza angeweza kuvifungua na kumsomea bibi yake akaelewa. Nadhani tutaona haya, na haya hiyo haitakuwa ya wahami.

Tuje kwa pesa. Kifungu cha 43 cha katiba kinasema shule ya msingi ya serikali ni ya lazima na ni bure, na tangu Septemba 2019 serikali ilitangaza kulitekeleza. Kwa hiyo mchango wa vitabu kwa mtoto wa msingi hauna mguu wa kusimamia, hata ungeitwa jina gani. Na ubaya wake ni huu: yule mtoto mhami aliyebaki hapa na kuandikishwa shuleni, baba yake ataombwa kulipa vitabu anavyoambiwa alivichoma. Akishindwa, mtoto anarudishwa nyumbani. Nyumba gani?

Wazazi, mkiitwa kwenye makutano kuhusu mchango huo, ombeni daftari liwekwe mezani kabla ya franka moja kutoka mfukoni. Likija likiwa tupu, omba siku ya kuhesabu, na hesabu ibandikwe kwenye mlango wa shule mahali ambapo hata mpita njia anaweza kuisoma. Prefe au mkubwa yeyote wa shule atakayefanya hivyo, anipigie simu. Nitakuja na kinasa sauti changu, na nitasoma hesabu yake hewani yote, hata kama itaonyesha kwamba wahami walichoma vitabu mia.